Kuendesha mota ya njia tatu kwa umeme wa nyumbani: uzoefu wangu na inveta

Mashine yangu ya kukereza mbao ina mota ya njia tatu (three-phase) ya kilowati 1.5, na nyumbani nina umeme wa njia moja (single-phase) tu. Mwanzoni niliiendesha kwa kapasita. Ilizunguka, lakini aliyewahi kufunga hivyo anajua shida yake: mota inabaki na takriban asilimia 70 ya nguvu zake, na wakati wa kuwasha inakosa msukumo kabisa. Ukifunga gogo zito, inanguruma tu bila kuzunguka.

Sasa natumia inveta ya mota (si ile ya sola), na sitarudi kwenye kapasita. Inapokea volti 230 za njia moja, inazigeuza kuwa umeme wa DC, kisha inatengeneza njia tatu upya kwa masafa (hertzi) unayotaka wewe, na masafa hayo ndiyo yanayoamua kasi ya mota.

Kuna jambo moja ambalo muuzaji hakunieleza, na ndilo kubwa kuliko yote. Inveta ya aina hii haipandishi volti: zinaingia 230, zinatoka 230. Kwa hiyo soma kwanza kibao cha mota, kile kilichoandikwa volti na ampea zake. Kikiandikwa 230/400, yaani volti 230 ikifungwa delta na 400 ikifungwa nyota (njia mbili za kuunganisha koili zake), mota itafaa, ila lazima ifungwe delta. Fungua kisanduku cha nyaya uangalie vile vipande vya shaba. Vikilala vyote kwenye mstari mmoja, hiyo ni nyota. Kwa delta vinasimama vitatu sambamba, kila kimoja kikiunganisha skrubu ya juu na ya chini. Ukiiacha kwenye nyota itazunguka vizuri ikiwa tupu, lakini ukiibebesha kazi itakosa nguvu na kupata moto. Kibao kikisema 400/690, tafuta mota nyingine.

Baada ya hapo niliingiza kwenye mipangilio ya inveta ampea za kibao, yaani ampea za delta, ambazo ni zile kubwa. Usiruke hatua hii, kwa sababu ndiyo inayoiwezesha inveta kuikatia mota umeme kabla haijaungua.

Raha yake ni kwenye kuwasha. Mota ikiunganishwa moja kwa moja kwenye umeme inaweza kuvuta mara 5 hadi 8 ya ampea zake za kawaida kwa muda mfupi. Kwa inveta mota inapanda kasi taratibu, na taa za nyumba hazitetereki. Kasi nabadilisha kwa kitufe cha kuzungusha badala ya kuhamisha mkanda, na kugeuza upande wa mzunguko ni kubonyeza tu. Tahadhari: kwa kasi ndogo, feni ya mota nayo inazunguka polepole, hivyo mota haipoi vya kutosha. Usiifanyishe kazi nzito muda mrefu kwenye hertzi 15.

Yasiyonifurahisha yapo. Kijitabu chake cha maelekezo ni kibovu, maandishi madogo na tafsiri isiyoeleweka. Mota inatoa mlio mwembamba unaochosha masikio, ingawa ulipungua nilipopandisha masafa ya kukatakata (kasi ambayo inveta huwasha na kuzima umeme ndani yake) kwenye mipangilio. Kifaa cha kukata umeme unapovuja nacho kilikuwa kinaruka bila sababu ya wazi, kwa kuwa kichujio cha inveta hupeleka umeme kidogo kwenye waya wa ethi. Fundi aliweka kifaa kinachofaa inveta, akavuta na laini ya peke yake kutoka kwenye ubao wa umeme wa nyumba, kwani inveta inavuta ampea nyingi kuliko zilizo kwenye kibao cha mota. Waya wa ethi haukuguswa, na asije mtu akakushauri kuutoa ili kifaa hicho kiache kuruka.

Msiweke swichi kati ya inveta na mota kisha mkaizima mashine ikiwa inazunguka. Inaweza kuua inveta. Na mkishazima umeme, subirini dakika zilizoandikwa kwenye kasha kabla ya kulifungua, kwa sababu kapasita za ndani hubaki na zaidi ya volti 300.

Kwa pampu au mashine ndogo ya kasi moja, nunua mota ya njia moja uokoe fedha zako. Kwa mashine ya kukereza, naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa kile kijitabu.