Uzoefu wangu na tovuti ya kukokotoa masafa ya anga: kutoka Chake Chake hadi London

Nilianza kutumia tovuti ya kukokotoa masafa ya anga kwa ajili ya mama yangu mzazi, ambaye anaishi Chake Chake na alikuwa akijitayarisha kwenda London kumtembelea kaka yangu. Mama ana kisukari, na kwa hiyo saa za safari kwetu si jambo la kukisia, kwani milo na dawa zake hupangwa kwa kuzifuata.

Kilichonishtua mwanzo ni jina la kisiwa chetu. Niliandika Pemba na Zanzibar, nikajibiwa kuwa baina yake pana kilomita zipatazo 760, ilhali kila aliyewahi kupanda ndege ndogo kutoka Chake Chake anajua kwamba hufika Unguja kwa takriban nusu saa. Kumbe tovuti ilikuwa imechukua Pemba ya Msumbiji, mji mkuu wa jimbo la Cabo Delgado. Nilipoandika herufi tatu za kila kiwanja, yaani PMA kwa Pemba yetu na ZNZ kwa Unguja, nilipata kilomita 125 hivi. Nawasihi Wapemba wenzangu waanze na herufi hizo.

Kutoka Unguja hadi London nilipewa takriban kilomita 7,400 na muda wa saa nane na kidogo. Hesabu yenyewe haina kosa, kwa sababu inapima njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, inayopita juu ya Kenya, Sudan na Libya, kisha inaigawa kwa mwendo wa ndege kubwa, karibu kilomita 900 kwa saa. Lakini tiketi ya mama ilipitia Doha, mji ulio kaskazini mashariki ya Unguja, na abiria wa njia hiyo huanza kwa kuelekea upande mwengine kabla ya kuigeukia Ulaya. Nilipokokotoa kila kipande peke yake, Unguja hadi Doha ilikuwa kama kilomita 3,750 na Doha hadi London kama 5,240, jumla karibu 9,000. Kwa mwendo ule ule, hizo ni saa zipatazo 10 angani, mbali na muda wa kusubiri ndege ya pili.

Tulikuwa tumekwisha kumwambia muuguzi kwamba safari ni ya saa tisa, naye alikuwa amepanga dawa kwa kadiri hiyo. Nilirudi kwake siku ya pili na karatasi mpya, akapanga upya akiuweka mlo mmoja Doha. Naona tovuti ingepaswa kumuuliza mtumiaji ndege yake inapitia wapi kabla ya kumwonyesha saa, hasa sisi wa visiwani ambao mara nyingi hatufiki Ulaya bila ya kubadilisha ndege. Kwa upande wa masafa sina lawama, na ninaendelea kuitumia.

Mama alipofika Doha alipima sukari, akala, akanipigia simu kabla ya kupanda ndege ya pili.