Mashine ya kufulia nguo Mombasa: pima maji yako kabla ya kusoma lebo

Friji na AC zinazouzwa madukani hapa zina lebo ya nyota ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, kwa mujibu wa kanuni za 2016. Mashine za kufulia hazimo katika kanuni hizo. Kibandiko utakachokikuta juu yake ni cha kwingine, mara nyingi kile cha Ulaya chenye herufi A hadi G, kilichoanza kutumika Machi 2021. Kisome, kwa sababu kinakupa mambo ya maana: uniti za umeme kwa mizunguko 100, lita za maji kwa mzunguko mmoja, muda wa programu ya eko (ile ya kuokoa umeme na maji) na daraja la ukamuaji. Ila vipimo hivyo vilichukuliwa kwenye maabara yenye maji baridi ya nyuzi 15 na presha isiyoyumba. Nyumba ya Kisauni au Likoni yenye maji ya mgao ni habari nyingine.

Wanunuzi wengi hulalamika kwamba mashine mpya "inachelewa" na "haijazi maji". Zote mbili ni kazi ya kanuni za Ulaya. Nguo husafishwa na vitu vinne: joto, sabuni, msuguano na muda. Ukipunguza joto na maji ili kuokoa umeme, lazima uongeze muda. Ndiyo maana eko ya Ulaya hupita saa tatu nguo zikijaa. Kanuni hizohizo zinaweka kiwango cha chini cha ufuaji na usuuzaji, kwa hivyo mashine haiachi uchafu kwa sababu tu inatumia lita chache. Inachoshindwa nacho ni povu. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono hutoa povu jingi, na lita 45 hazitoshi kuliondoa. Kanzu nyeupe hutoka na ukakasi na buibui huwa na michirizi myeupe. Tumia sabuni iliyoandikwa kuwa ni ya mashine, na kipimo kilicho kwenye pakiti, usizidishe.

Upande wa umeme tuna bahati. Kupasha lita 12 kutoka nyuzi 15 hadi 40 kunakula takriban uniti 0.35. Maji ya tangi letu la juani yakiingia yakiwa na nyuzi 30, ni uniti 0.14 tu. Kwa hiyo tofauti kati ya A na C hapa ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye kibandiko. Tofauti ya maji haipungui hata tone, na hiyo ndiyo iliyoamua mpangilio wa aina nne zifuatazo.

1. Mlango wa mbele, kilo 7, yenye hita

Hutumia takriban lita 40 hadi 50 kwa mzunguko, yaani mitungi miwili na kitu ya lita 20. Mashine otomatiki ya mlango wa juu yenye ukubwa huohuo hula kati ya lita 100 na 150. Familia inayofua mara nne kwa wiki itatumia kama mitungi 9 kwa ile ya kwanza, na kama 24 kwa ya pili ikiwa inachukua lita 120. Anayenunua maji ya mkokoteni anajua mitungi 15 ya ziada ina maana gani.

Inashika nafasi ya kwanza kwa masharti mawili. La kwanza ni presha. Nyingi zinahitaji angalau ba 0.5, na ba moja ni mita 10 za kimo cha maji. Pima kutoka chini ya tangi hadi mfereji wa mashine: unahitaji mita 5. Ndiyo maana katika jengo moja, mpangaji wa chini hufua bila shida na wa ghorofa ya juu, aliye mita 2 chini ya tangi, huona mashine ikikwama na kutoa alama ya hitilafu ya maji (LG huandika IE, Samsung 4C au 4E). Kipimo cha haraka: fungua mfereji wote, ndoo ya lita 10 ijae kwa sekunde 75 au pungufu. Isipojaa, ongeza bei ya pampu ndogo kwenye hesabu yako kabla hujalipa.

La pili ni chumvi. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, hivyo maji yake huwa na chokaa, na karibu na bahari huwa na chumvi pia. Chokaa huganda kwenye hita. Chumvi ina madhara makubwa zaidi: dramu ni ya chuma kisichoshika kutu, lakini mkono wa pembe tatu unaoishikilia kwa nyuma ni wa aluminiamu. Metali hizo mbili zikikutana kwenye maji ya chumvi na mabaki ya sabuni, aluminiamu huliwa taratibu hadi mkono ukatike. Dalili ni dramu kuyumba na mgongano mkubwa wakati wa kukamua, na gharama ya kuirekebisha mara nyingi hukaribia bei ya mashine. Kama maji yako ni ya kisima peke yake na ukiyaonja unasikia chumvi, ruka hadi namba 2. Kama ni mchanganyiko, endesha mzunguko mtupu wa nyuzi 60 kila mwezi ukiweka gramu 100 za unga wa sitriki, acha mlango wazi baada ya kufua, na usitie dawa ya klorini.

2. Mapipa mawili, nusu otomatiki

Hii haina herufi ya kujivunia, na muuzaji ataitaja mwisho. Kwa nyumba ya kupanga yenye maji ya mgao, ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Unaijaza kwa ndoo, kwa hivyo presha haina kazi. Mwili wake ni wa plastiki, hewa ya bahari haiudhuru. Haina bodi ya kielektroniki ya kuungua umeme ukirudi kwa kishindo. Kinachokufa ni kapasita, mkanda au saa ya kuzungusha, na fundi wa mtaani anavibadilisha.

Ukijaza pipa lita 45 kwa kufua na mara mbili kwa kusuuza, unafika lita 135 kwa fungu moja, hapo hujaokoa kitu. Siri ni kurudia maji. Fua nguo nyeupe, kisha za rangi nyepesi, kisha za kazi, kwa maji yaleyale ya sabuni. Kamua kila fungu *kabla* ya kusuuza ili povu litoke, na maji ya suuzo la mwisho yawe ya suuzo la kwanza la fungu linalofuata. Leso mpya zinazochuja rangi zifuliwe mwisho kabisa. Kosa la kawaida ni kulijaza pipa la kukamulia upande mmoja, na hapo hupiga kelele na kuharibu breki.

3. Mlango wa juu, otomatiki kamili

Ni rahisi kutumia, na unaweza kuongeza soksi iliyosahaulika. Lakini inakula maji kama tulivyoona, inategemea mfereji, na ina bodi. Chagua hii kama una kisima chenye maji matamu na pampu.

4. Ya kufua na kukausha pamoja

Nyingi hutumia maji baridi kupoza mvuke wakati wa kukausha, kwa hivyo unalipia maji mara mbili. Jua la Mombasa na upepo wa kusi vinatosha.

Ukinunua iliyotumika kutoka Ulaya, A+++ ni lebo ya zamani, usiilinganishe na A ya sasa. Angalia kibandiko cha nyuma kisomeke 220–240 V, 50 Hz. Na friji gadi ya nyumbani (kifaa cha kulinda friji umeme ukiyumba) usiihamishie kwenye mashine yenye hita: nyingi ni za ampea 5, ilhali hita ya wati 2,000 huvuta zaidi ya 8. Nunua ya ampea 13.