Injini nzima, muuzaji nyodo: nilivyobadilisha injini ya bredauni yangu

Duka silitaji jina, sina pesa ya wakili. Liko Gerezani, na aliyewahi kununua injini ya mtumba pale atalijua kwa kiti. Kabla hujalipa, kiti cha plastiki kinafutwa vumbi kwa kitambaa, unaletewa maji ya baridi, na "shikamoo mzee wangu" zinamiminika hadi unaona aibu. Ukishalipa, kiti kina mwenyewe na shikamoo zimekwisha.

Gari ni Fuso Fighter ya zamani, namba A, ina winchi na mlingoti nyuma. Kazi yake ni kuvuta wenzake barabara ya Morogoro, kuanzia Ubungo hadi Mlandizi huko. Injini ya 6D16 iliyokuja nayo ilinoki ikipanda Kibamba na mzigo nyuma, na kabla dereva hajaizima konrodi ikatoka nje ya bloku. Nilishauriwa nifanye ovahoo. Ovahoo ya nini? Bloku likishatoboka ubavuni, ringi mpya na beringi mpya utazifunga wapi? Na ndiyo, bredauni ilivutwa na bredauni. Walioicheka pale Kimara walishacheka vya kutosha.

Wengine wakasema mbona kilomita zenyewe si nyingi. Bredauni haipimwi kwa kilomita. Gari limesimama ukingoni mwa barabara, PTO (gia inayochota nguvu ya injini kuzungusha winchi) imeingizwa, injini inanguruma saa nzima kutoa Canter mtaroni, na dashibodi haijasogea hata namba moja. Anayetaka kununua bredauni iliyotumika alijue hilo.

Basi winga mmoja, dalali wa mtaani, akatupeleka dukani. Fundi wangu ni mtu wa maneno machache, na kilichonifurahisha ni kwamba alikataa kupiga simu kwanza. Alitaka tufike asubuhi bila taarifa, maana injini iliyopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika inaficha mengi. Akaanza kwa kuweka kiganja kwenye bloku: la baridi. Akaizungusha kwa spana, akamwaga oili kidogo mkononi akitafuta chembe za chuma, kisha ikawashwa pale pale chini kwa betri mbili na dumu la dizeli. Akafungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma, akachungulia kama inapumua moshi. Hakuna kitu. Sauti nzuri, hata mimi niliisikia.

Muuzaji akataka tuchukue na gia boksi yake. Tukakataa, kwa sababu PTO ya winchi yetu imefungwa kwenye gia boksi yetu na haina tatizo. Hapo ndipo alipoanza kununa, nadhani.

Kabla hatujaondoka fundi akatoa kopo dogo la rangi ya njano. Akapiga mstari mmoja kutoka kwenye bloku hadi kwenye pampu ya dizeli, mwingine kwenye stata, mwingine kwenye altaneta. Muuzaji, kijana tu, akacheka, "Fundi wako mchoraji." Tukacheka wote. Nikalipa pesa ya kununulia kiwanja Chanika, nikaandikiwa risiti ya mkono kwa sababu eti mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, imeharibika. Gari la kubebea nalo likawa halipo, tukaambiwa mzigo utaletwa kesho.

Ukaletwa. Fundi hakusubiri hata uteremshwe, alipanda juu ya Canter na kuinama. Mstari wa stata upo. Wa altaneta upo. Mstari wa pampu umetoka kwenye bloku vizuri, umefika kwenye kiungo, umekata. Pampu yenyewe ni nyeusi tii, imepigwa grisi, haina hata tone la njano. Kati ya vyote vilivyoning'inia kwenye ile injini, usiku mmoja ukatosha kubadilisha kile cha bei kubwa kuliko vyote.

Nikarudi Gerezani siku ile ile. Nataka niandike vizuri hapa kwa sababu hili ndilo lililonikaa rohoni, kuliko hata pampu.

Nilimkuta yule muuzaji amekaa kwenye kile kiti anakula chipsi mayai. Hakunyanyuka. Hakunisalimia, na mimi ni wa umri wa baba yake. Nikaeleza taratibu, nikaonyesha picha kwenye simu: mstari wa jana, mstari wa leo. Akaiangalia picha akiwa anatafuna, akachomeka kijiti kwenye chipsi nyingine, halafu akasema kwa sauti ili mawinga wote wasikie, "Mzee, umenunua injini au umeoa? Mbona unaipaka na hina?"

Walicheka wote, hata mama ntilie aliyekuwa anapita na sahani. Mimi nimesimama juani na simu mkononi, nikitafuta neno la kumjibu, silioni. Akaongeza kwamba risiti imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Ni kweli imeandikwa. Lakini mali iliyouzwa ndiyo ninayoitaka! Iliyouzwa ilikuwa na mstari wa njano.

Najua ipo Tume ya Ushindani, FCC, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji. Lakini gari likikaa bila injini dereva na familia yake wanakaa bila chakula, nami sikuwa na nafasi ya kufuatilia shauri. Tukaifunga ilivyo. (Tulilazimika kuazima mnyororo wa kunyanyulia injini. Ule mlingoti wote nyuma, na hauwezi kujinyanyulia injini yake mwenyewe.)

Asubuhi ikiwa baridi inawaka kwa kugusa. Ikishapata moto ukaizima, haiwaki tena mpaka ipoe. Fundi akanieleza: plunja za pampu, yaani vijiti vinavyosukuma dizeli, zimelika, dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, inapenya pembeni badala ya kusukumwa kwenye nozeli. Hebu fikiria bredauni ambayo ukiizima barabarani haiwaki. Tukaipeleka pampu kwa watu wa pampu, ikafungwa kwenye mashine yao, wakabadilisha plunja zote sita na kupima kila moja inatoa dizeli sawa na mwenzake. Yule mzee wa pampu aliniita kaka na kunipa kiti. Nilitaka kulia.

Sasa naomba niseme ukweli ingawa unaniuma. Injini ni nzuri. Ni nzuri sana. Juzi imevuta Coaster kutoka Kibaha, imepanda Kibamba ile ile, mshale wa joto haukusogea, moshi hakuna, na dereva wangu anasema hata ile ya zamani haikuwahi kuvuta hivi. Kwa hiyo kama una fundi wa kueleweka na unabeba mzigo wako saa hiyo hiyo, bila kuuacha ulale hata usiku mmoja, nenda. Bei yao iko chini kuliko wenzao. Nilikuwa nimeshaamua kumpa nyota tatu na kumsamehe ile hina yake.

Kisha nikaenda kushughulikia kadi. Kadi ya gari ina namba ya injini, ukibadilisha injini lazima TRA, watu wa mapato, wabadilishe kumbukumbu, na huko wanataka uonyeshe injini uliipata wapi. Nikampigia muuzaji kuomba risiti ya mashine na karatasi za forodha za ule mzigo. Akaniambia karatasi zipo, ila zina bei yake, na akanitajia. Nikamuuliza, kijana, karatasi ya mali yangu unaniuzia? Akakata simu.

Nyota sifuri. Injini ichukue nyota zake zote tano, duka lisipate hata moja, na anayeweza kuvitenganisha hivyo viwili akiwa ananunua basi ana bahati.

Kwa sasa kadi yangu inasoma namba ya injini iliyolala uani Tabata na tundu ubavuni, na kila trafiki anayetaka kufunua kabini ya Fuso ananipa presha. Kama kuna aliyebadilisha injini siku za karibuni na kadi ikarekebishwa bila karatasi za muuzaji, naomba anielekeze alianzia dirisha gani.