Nilifuata kung'oa gego nikatoka na jina la ugonjwa (nyota 4 kati ya 5)
Kliniki ya meno iko Kariakoo, ghorofani juu ya duka la vitenge, jina siweki maana chini huku nawasema pia. Ganzi yao safi, gego limetoka sijasikia kitu. Ila siku ya tatu mdomo mzima vidonda, ulimi, mashavu kwa ndani, hata uji ukanishinda, nikarudi na hasira zangu vifaa vyenu vichafu nipeni hela yangu.

Daktari, dada mdogo tu, hakubishana. Kauliza vidonda ndo mara ya kwanza? Nikamwambia vinakuja vinaenda, tangu niache sigara ndo vimezidi, duka la dawa kila siku wananipa ya fangasi. Vinafika mara 3 kwa mwaka? Vinapita. Na sehemu za siri je? Weee, mke wangu kakaa pembeni na hiyo kesi ilishatuletea wazee nyumbani, nikapima kaswende sina, ukimwi sina, na bado umalaya nikabambikiwa 😂 Halafu akanishika mkono pale nilipotolewa damu juzi yake, pana kipele kina usaha, mi najua sindano ilikua chafu.

Akasema hii inaweza kua Behçet, ni jina la daktari wa Uturuki alieuandika 1937. Kinga ya mwili inageuka inashambulia mishipa ya damu, ndo maana unaumwa huku na huku kama magonjwa matano tofauti, na ngozi ya hivi ukiidunga tu kesho au keshokutwa inatoa kipele. Kung'oa jino kunaweza kuuamsha, na wengine wakiacha sigara vidonda vinaongezeka (akanikazia macho, sio ruhusa ya kurudia). Hauambukizi, mke wangu akarudiwa na rangi usoni. Cha kuogopa ni macho, yakiwa mekundu na unaona ukungu kimbia hospitali, unaweza kupofuka.

Hakuna kipimo kimoja cha damu cha kuthibitisha, kwahiyo kanipa rufaa kwa bingwa wa viungo, na huyo bingwa kaunganisha dalili zote kasema ndo wenyewe. Natumia kolchisini, ile ya wenye gauti, sasa hivi nakula mpaka pilipili.

Nyota moja nimewanyima kwa foleni, masaa 3 na miadi unayo mkononi, alafu yule wa mapokezi anaita jina lako na shida yako ukumbi mzima unasikia. Risiti nayo mpaka mgombane. Huyo dada yupo Jumanne na Alhamisi asubuhi, siku zingine sijui nani anakaa pale.