TAHADHARI: Shoki kuukuu zinapakwa rangi na kuuzwa kama mpya Kirinyaga Road

Ndugu zangu wenye magari, lile duka la Kirinyaga Road, Nairobi, ambalo mafundi wengi hupenda kuwapeleka wateja linauza shoki (vile vifaa vya kwenye magurudumu vinavyozuia gari lisidunde) zilizokufa kwa bei ya shoki nzima. Ni wizi, na unafanywa mchana kweupe mteja akitazama.

Unaomba shoki za mbele za Toyota Fielder. Muuzaji anauliza mwaka wa gari, anataka namba ya chesi, anaiandika kitabuni polepole. Kijana anatumwa stoo, anarudi na katoni mbili za KYB, kampuni ya Kijapani ya shoki, kona hazijabonyea, stika inang'aa. Nailoni inakatwa mbele yako. Muuzaji anaisimamisha shoki juu ya kaunta, anaikandamiza fimbo, kile chuma kinachoingia na kutoka, kwa kiganja, inashuka kwa shida. "Sikia ilivyo ngumu, boss, hii ni ya gesi." Unajaribu mwenyewe, kweli ni ngumu. Unapigiwa muhuri wa garantii ya miezi sita, unalipa.

Nani asingeamini? Namba ya katoni ni ya gari lako hasa. Bei haikuwa ya kutupa, maana mjanja huyu anajua bei ya chini mno humshtua mteja, kwa hiyo anapunguza kidogo tu. Na fundi aliyekuleta anatikisa kichwa kukubali, kamisheni yake ikimsubiri.

Ule ugumu ndio uongo wenyewe. Shoki hutegemea mafuta mepesi yanayopenya kwenye valvu za pistoni, na ile ya gesi huongezewa naitrojeni ili mafuta yasifanye povu. Hizi zimetobolewa, zikajazwa oili nzito ya injini au ya gia, tundu likachomelewa, kisha zikapuliziwa rangi nyeusi. Zikiwa baridi zinaudanganya mkono. Zikipiga matuta na mashimo, oili inapata moto, inalegea, inatoa povu, na gari linadunda. Fimbo yenye vidonda vya kutu nayo inakata sili kila inapopanda na kushuka, mpaka mafuta yanatiririka nje. Hapo tairi linaanza kulika kwa mabaka, mauntini (vishikizo vya shoki) na bushi za raba zinafuata. Ukifunga breki ghafla Thika Road, tairi linarukaruka badala ya kushika lami, na gari linakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Watoto wako wamo ndani!

Mtu wa namna hii afungwe. Sheria ya bidhaa bandia ya 2008 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 5 kwa kosa la kwanza, au faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja ya kila kifaa, au vyote viwili. Afungwe, na fundi anayekula naye aulizwe maswali. Anayeuza ex-Japan, yaani iliyotumika Japani, na kusema wazi ni ex-Japan sina ugomvi naye.

Za kuangalia: kovu la kuchomelea lililosuguliwa chini ya rangi, rangi iliyoingia kwenye nyuzi za fimbo, alama za spana juu, namba iliyogongwa kwenye chuma ikitofautiana na ya katoni. Isimamishe wima, ivute na kuikandamiza hadi mwisho mara 4 au 5 kutoa hewa, ndipo uipime: uzito uwe sawa njia nzima, bila pengo. Ya gesi ikiachiwa hupanda yenyewe taratibu. Ikibaki chini, iache hapo hapo. Za mbele za Fielder zina kushoto na kulia, ukipewa mbili za upande mmoja ondoka. Dai risiti ya eTIMS, ule mfumo wa risiti za kodi wa KRA.

Garantii wenye duka wanaikwepa kwa kusema fundi aliishika fimbo kwa plaizi, kwa hiyo piga picha fimbo kabla na baada ya kufunga. Kama umeshauziwa, usiwarudishie shoki wala katoni. Zipeleke pamoja na risiti kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, kwani ukiwaachia, kesho zitapakwa rangi tena na kuuziwa mwingine.