“The whole nine yards”: mkanda wa risasi au tarakimu tu?

Wamarekani hutumia msemo huu, neno kwa neno “yadi zote tisa”, kumaanisha kitu chote bila kubakiza. Maelezo yanayopendwa zaidi yanautoa kwenye ndege za kivita za Vita Kuu ya Pili: mkanda wa risasi wa yadi 9, yaani futi 27 au kama mita 8.2, na mpiganaji aliyeumaliza wote. Yanavutia, lakini tarehe zinayaangusha kabisa. Gazeti la Mitchell, Indiana, lilichapa “full nine yards” (yadi tisa kamili) mwaka 1907, kabla ya vita hivyo. La Mount Vernon, Kentucky, likachapa “whole six yards” (yadi zote sita) mwaka 1912.

Maelezo ya pili, kwamba tarakimu ni ya kunogesha tu wala haipimi chochote, yana nguvu zaidi. Hata Spartanburg, South Carolina, mwaka 1921, gazeti liliandika yadi sita, si tisa.