Ukurasa mtupu: uchore mkono wako au ruwaza?

Ukiwa na dakika tano na daftari la michoro, kuna njia mbili nyepesi za kujaza ukurasa: kuchora mkono wako usioshika penseli, au kuchora ruwaza, yaani mistari, miduara na majani yanayojirudia.

Ruwaza haziogopeshi. Hakuna cha kufananisha, na ukurasa hujaa upesi. Zinafaa ukiwa umechoka.

Mkono ni mgumu zaidi, lakini mimi ningeanza nao. Unao popote ulipo, na kila ukikunja kidole unapata umbo jipya. Kwanza ufuate ukingo wake kwa macho, polepole, penseli ikitembea bila wewe kutazama karatasi. Mchoro utatoka umepindapinda, na si neno: jicho linajifunza kuona kilichopo badala ya kile akili inachodhani kipo. Kisha chora tena, safari hii ukitazama karatasi, na uanze na nafasi tupu zilizo kati ya vidole. Utashangaa jinsi uwiano unavyokaa sawa.

Kwa vyote viwili napendelea kalamu ya wino. Haifutiki, kwa hiyo mkono unasonga mbele.